Virutubisho vya viungo vitokanavyo na wanyama: kipi kinalingana na bei yake

Chukua kopo lolote la vidonge vya viungo vya mwili kwenye rafu ya duka la dawa, ligeuze usome nyuma. Mbele pameandikwa 1,500, yaani miligramu, kwa tarakimu kubwa. Nyuma, kwa herufi za kubana macho, utaona kwamba hiyo 1,500 ni ya dozi moja, na dozi moja ni vidonge vitatu. Kopo lenye vidonge 60 ambalo mnunuzi alidhani litamfikisha miezi miwili linakwisha siku ya ishirini. Akimeza kimoja kimoja ili lidumu, anapata theluthi ya kipimo kilichowahi kupimwa kwa wagonjwa, kisha anasema dawa haifanyi kazi. Huenda ni kweli haifanyi kazi, lakini yeye hajaijaribu bado.

Tathmini hii inapitia bidhaa za viungo zinazotengenezwa kutokana na wanyama: maganda ya kamba na kaa, gegedu (ule mfupa laini wa viungoni) la ng'ombe na papa, mfupa wa kidari cha kuku, ngozi ya samaki, mafuta ya samaki, kome, utando wa yai, hadi undu wa jogoo, ile nyama nyekundu ya kichwani, na sumu ya nyuki. Kila moja tunaiuliza kipimo chake ni kipi, ushahidi wake una uzito gani, na inaharibikia wapi.

Kwanza ujue ni ugonjwa gani

Jina "baridi yabisi" watu hulibandika kwenye kila maumivu ya viungo, na pesa nyingi hupotelea hapo. Goti linalouma ukipanda ngazi, linalokwaruza ukilikunja, linalokakamaa asubuhi kwa dakika chache kisha likalainika, mara nyingi ni uchakavu wa gegedu, yaani osteoathraitisi. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba na vikakataa kukunjika asubuhi kwa saa nzima au zaidi, pamoja na uchovu wa mwili mzima, hapo panashukiwa rumatoidi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Kidole gumba cha mguu kikiwaka moto ghafla usiku wa manane, fikiria jongo. Na kiungo kimoja chenye joto na uvimbe pamoja na homa kipelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo hula gegedu kwa siku chache tu.

Karibu bidhaa zote hapa chini zilipimwa kwa wagonjwa wa uchakavu wa goti. Mafuta ya samaki ndiyo yaliyopimwa sana kwa rumatoidi. Mwenye jongo hana cha kununua kwenye rafu hii. Na akiandamana na supu ya maini na figo au dagaa kila siku kwa kusikia kwamba "vinajenga viungo", anaongeza vitu ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi ya yuriki, ile ile inayomwamsha usiku.

Glukosamini: hesabu ya chumvi

Maganda ya kamba, kaa na kamba koche yana kitu kigumu kiitwacho kitini. Kiwandani maganda huondolewa chokaa na protini, kisha kitini huchemshwa katika asidi kali ya hidrokloriki mpaka ivunjike kuwa sukari ndogo yenye naitrojeni. Hiyo ndiyo glukosamini hidrokloridi. Aina ya pili, glukosamini salfeti, ina tabia ya kunyonya unyevu na kuharibika, ndiyo maana hutulizwa kwa chumvi: ama chumvi ya kawaida, ama kloridi ya potasiamu.

Chumvi hiyo ndiyo inayomponza mnunuzi. Ukiona kwenye lebo "glucosamine sulfate 2KCl 1500 mg", uzito huo umejumlisha potasiamu yake. Glukosamini salfeti yenyewe ndani yake ni takriban miligramu 1,130, na iliyobaki ni chumvi. Ili upate 1,500 halisi unahitaji karibu 2,000 za mchanganyiko huo. Bidhaa ya dawa iliyotumika katika majaribio ya Ulaya iliandikwa kwa uaminifu zaidi: miligramu 1,884 za fuwele, ambamo 1,500 ni glukosamini salfeti na 384 ni chumvi ya kawaida. Mtu mwenye presha aliyeambiwa apunguze chumvi aiingize hiyo 384 kwenye hesabu yake ya siku. Mwenye figo dhaifu asiguse ya potasiamu kabla ya kumwonyesha daktari lebo.

Je, inasaidia? Mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la miaka mitatu kwa watu 212 wenye uchakavu wa goti. Waliokunywa 1,500 za salfeti kila siku walionekana kwenye picha za eksirei kuwa nafasi ndani ya goti haikupungua kama ya wenzao waliopewa kidonge kitupu, na maumivu nayo yalipungua. Hapo soko likafumuka. Kisha serikali ya Marekani ikagharamia jaribio kubwa, GAIT, lililochapishwa mwaka 2006: watu 1,583, wiki 24, glukosamini hidrokloridi 1,500 kwa siku, kondroitini (inayotoka kwenye gegedu) 1,200, zote mbili pamoja, dawa ya maumivu selekoksibu 200, au kidonge kitupu. Waliopata nafuu ya angalau asilimia 20 ya maumivu walikuwa asilimia 64.0 kwa glukosamini, 65.4 kwa kondroitini, 66.6 kwa zote mbili, 70.1 kwa selekoksibu. Kwa kidonge kitupu walikuwa asilimia 60.1.

Soma tena namba hiyo ya mwisho. Watu sita kati ya kumi walipata nafuu bila dawa yoyote ndani ya kidonge. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hununua kopo siku yanapokuwa juu kabisa. Wiki chache baadaye yangeshuka hata asingenunua kitu. Ndiyo sababu ushuhuda wa jirani, hata awe mkweli kiasi gani, hautoshi kuamua.

Katika GAIT kulikuwa na kundi dogo la wenye maumivu ya kati hadi makali ambao mchanganyiko wa vyote viwili uliwasaidia asilimia 79.2 dhidi ya 54.3 ya kidonge kitupu. Wauzaji huishika namba hii kama ngao. Kundi lilikuwa dogo, na matokeo ya kundi lililokatwa kutoka jaribio kubwa hupaswa kurudiwa kabla ya kuaminiwa. Mwaka 2010 jarida la BMJ lilijumlisha majaribio 10 yenye watu 3,803 na halikuona faida ambayo mgonjwa angeihisi. Chama cha madaktari wa viungo cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kilishauri kwa mkazo glukosamini isitumike kwa goti, nyonga wala mkono.

Wanaoitetea wanasema GAIT ilitumia hidrokloridi na si salfeti ya fuwele. Hoja hiyo ina uzito wake, ingawa majaribio mengi yaliyoipendelea salfeti yalibebwa na mtengenezaji wake. Maoni yetu: ikiwa goti ni la uchakavu na pesa haitoki kwenye ada ya shule wala unga, chukua salfeti yenye kipimo kamili, mara moja kwa siku pamoja na chakula, kwa miezi mitatu, halafu uamue. Hidrokloridi iache dukani.

Tahadhari moja haina mjadala. Anayetumia warifarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asianze glukosamini wala kondroitini bila kupimwa INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, kwa maana kumeripotiwa damu kuwa nyepesi kupita kiasi. Mwenye kisukari apime sukari yake mara nyingi zaidi wiki za kwanza. Mwenye mzio wa kamba ajue kwamba mzio huo hutokana na protini ya nyama, na unga uliosafishwa vizuri hauna nyama. Lakini usafi hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na ipo glukosamini inayotokana na kuvu au mahindi. Aliyewahi kuvimba koo kwa sababu ya kamba achague hiyo.

Kondroitini: hapa ndipo udanganyifu ulipo

Kondroitini hutolewa kwenye gegedu: bomba la hewa la ng'ombe, gegedu la nguruwe, la kuku, la papa. Ni ghali kuliko glukosamini, na kwa sababu hiyo huchakachuliwa zaidi. Kipimo cha zamani cha kiwandani hutumia kemikali inayofanya kondroitini igande na kuleta ukungu kwenye maji, kisha ukungu hupimwa. Wachakachuaji waligundua kwamba vitu vingine vya bei rahisi hutoa ukungu ule ule, kama karajini ya mwani na chumvi ya fosfeti iitwayo heksametafosfeti. Unga ukapita kipimo na kondroitini yake ni haba. Kipimo kinachokamata ujanja huu huikata kondroitini kwa kimeng'enya kwanza, kisha hupima vipande vyake kimoja kimoja. Kwa mnunuzi maana yake ni hii: nunua iliyosajiliwa kama dawa, au yenye muhuri wa wapimaji huru kama USP, shirika la viwango vya dawa la Marekani. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala namba ya toleo lirudishe, hata kama bei inavutia.

Kipimo kilichopimwa ni miligramu 800 hadi 1,200 kwa siku. Michanganyiko mingi ya "tatu kwa moja" ina 100 au 200, imewekwa ili jina lionekane kwenye lebo.

Kwa Mwislamu, asili ya kondroitini ni swali la kwanza. "Bovine" ni ng'ombe, na bado utataka kujua alichinjwaje. "Porcine" ni nguruwe. Lebo ikikaa kimya, usidhani. Angalia pia ganda la kapsuli lenyewe, kwa kuwa jelatini yake nayo hutoka kwa ng'ombe au nguruwe. Bidhaa yenye cheti cha halali huwa imejibu maswali yote mawili.

Vidonge vya gegedu la papa hatuvipendekezi kabisa. Kondroitini yake haizidi ya ng'ombe kwa lolote, papa hukusanya zebaki, na tangu mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, wa Novemba 2022 huko Panama familia nzima ya papa wanaovuliwa sana imewekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa.

Kolajeni mbili zenye jina moja

Kwenye rafu zinakaa jirani, na watu huzibadilisha kama sukari na chumvi. Ya kwanza ni kolajeni iliyovunjwavunjwa, unga mweupe unaoyeyuka kwenye maji, unaotokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe, nguruwe au samaki. Kipimo chake cha kawaida katika majaribio ni gramu 10 kwa siku, kijiko cha chakula kilichojaa. Sasa angalia kapsuli zake: nyingi zina miligramu 500. Gramu 10 ni kapsuli 20 kwa siku, na chupa ya 60 inakwisha siku ya tatu. Hakuna anayemeza hivyo. Humeza mbili, akapata gramu moja. Ukiitaka kolajeni hii, nunua unga, au usinunue kabisa.

Na kabla ya kununua unga, tazama sufuria ya makongoro iliyolala usiku. Asubuhi supu imeganda, ikitikiswa inacheza kama jeli. Kilichoiganda ni jelatini, yaani kolajeni ya ngozi na kano za mguu wa ng'ombe iliyofunguka kwa moto wa saa nyingi. Unga wa dukani ni jelatini hiyo hiyo iliyokatwa vipande vifupi zaidi hadi isigande tena. Mabondo ya sangara yanayotoka Mwanza kwenda China, ambako huliwa kama chakula cha thamani, nayo ni kolajeni kwa sehemu kubwa. Unga huu ni protini, na hata kama protini una upungufu, kwa sababu hauna triptofani, moja ya sehemu za protini ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Hauwezi kuchukua nafasi ya maharage, mayai au samaki. Ushahidi wa nafuu kwenye goti upo lakini ni mwembamba, na sehemu kubwa imelipiwa na wauzaji. Hatari ni ndogo. Mwenye ugonjwa wa figo aliyewekewa kikomo cha protini aihesabu.

Ya pili ni kolajeni aina ya II isiyovunjwa, kutoka mfupa laini wa kidari cha kuku, inayouzwa sana kwa jina UC-II. Kipimo chake ni miligramu 40 tu, kapsuli moja ndogo kwa siku. Haikusudiwi kujenga gegedu. Nadharia yake ni kwamba vipande vyenye umbo lake la asili hufika kwenye vituo vya kinga vya utumbo na kuizoesha kinga isilishambulie gegedu la mwili. Kwa hiyo umbo ndilo dawa. Ukichemsha kidari cha kuku, umbo hufunguka, ndiyo maana supu ya kuku haitoi kazi hii, na ndiyo maana kapsuli haipaswi kufunguliwa kwenye uji wa moto au chai. Humezwa kwa maji ya kawaida, tumbo likiwa tupu, kwa kawaida kabla ya kulala.

Jaribio lake linalotajwa zaidi ni la 2016: watu 191 wenye uchakavu wa goti, siku 180, dhidi ya glukosamini pamoja na kondroitini na dhidi ya kidonge kitupu. UC-II ilishinda zote mbili. Jaribio lilifadhiliwa na kampuni iliyokuwa inaiuza, na hilo msomaji analihitaji ili alipime. Kwa rumatoidi wazo hili lilianza mapema, mwaka 1993, kwa jaribio la watu 60 lililotia moyo. Majaribio makubwa yaliyofuata yalipoza matumaini. Kati ya bidhaa zote za kapsuli kwa goti lililochakaa, hii ndiyo tungeijaribu kwanza, kwa sababu dozi ni ndogo na hesabu haina ujanja. Mwenye mzio wa kuku au mayai aiepuke.

Mafuta ya samaki: yenye ushahidi bora, kwa ugonjwa sahihi

Kwa rumatoidi hapa pana kazi ya kweli. Asidi mbili za mafuta, EPA na DHA, huchukua nafasi ya asidi nyingine ambayo mwili huitumia kutengeneza kemikali za uvimbe. Majaribio mengi yameonyesha kukakamaa kwa asubuhi kukipungua, viungo vyenye maumivu vikipungua, na vidonge vya maumivu vikihitajika kwa uchache. Lakini kipimo ni karibu gramu 2.7 hadi 3 za EPA na DHA kwa jumla kila siku, na matokeo hungojwa wiki 12.

Rudi kwenye lebo. Kapsuli ya kawaida imeandikwa "mafuta ya samaki 1,000". Nyuma yake: EPA 180, DHA 120. Jumla 300. Ili ufike 2,700 unahitaji kapsuli tisa kwa siku, na chupa ya 100 inakwisha siku ya kumi na moja. Zilizokolezwa, zenye jumla ya 600 kwa kapsuli, zinahitaji tano. Mafuta ya chupa yasiyokolezwa yana karibu asilimia 30 ya EPA na DHA, kwa hiyo mililita 10, vijiko viwili vya chai, zinakufikisha. Unapolinganisha bei, usiangalie idadi ya vidonge. Gawanya bei kwa jumla ya gramu za EPA na DHA zilizomo kwenye chupa nzima. Mara nyingi chupa ya mafuta ya kunywa ndiyo inayoshinda, na iliyokolezwa inayoonekana ghali inaipita ile ya "ofa".

Mafuta ya ini, yale yanayouzwa kwa jina cod liver oil, si mbadala wa kipimo hiki. Yana vitamini A nyingi: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yasiyopunguzwa kina karibu mikrogramu 4,000, wakati kikomo cha mtu mzima ni 3,000 kwa siku. Kwa kijiko kimoja cha chai hakuna tatizo kwa wengi. Anayekunywa vijiko vitatu ili kufikia omega-3 anaharibu ini lake polepole, na mjamzito anamhatarisha mtoto. Na sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa majahazi ili mbao zisipasuke, yabaki kwenye majahazi.

Kinachoiua bidhaa hii kwetu ni joto. EPA na DHA huchacha kirahisi, na kontena lililokaa bandarini Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari halina ubaridi. Toboa kapsuli moja kwa sindano, ikamue kwenye kijiko cheupe. Mafuta mazuri ni ya manjano hafifu, yana harufu ya samaki mbichi kwa mbali, na ulimini hayawashi. Yaliyochacha hunuka rangi ya mafuta au karanga kuukuu, huacha ukakasi kooni, na mcheuo wake hukufuata hadi mchana. Zilizotiwa ladha ya limau hufunika harufu, kwa hiyo onja bila kutegemea pua peke yake. Kampuni makini huonyesha cheti cha toleo chenye kipimo cha kuchacha kiitwacho TOTOX. Kikomo cha sekta ni 26. Kapsuli zilizogandana kwenye chupa zimeshapigwa na joto. Ukishafungua, weka kwenye friji, meza katikati ya chakula, usitunze zaidi ya miezi mitatu.

Kwa goti la uchakavu hadithi ni nyingine. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2016, kwa watu 202 kwa miaka miwili, lililinganisha gramu 4.5 na kipimo kidogo cha 0.45, na wenye kipimo kidogo ndio walioendelea vizuri zaidi. Hakuna sababu ya mtu huyo kugharamia kapsuli tisa. Vibua, jodari na dagaa mara mbili tatu kwa wiki vinatosha.

Vipimo vikubwa vina madhara yake: mapigo ya moyo kwenda mrama kwa baadhi ya watu, na damu kuchelewa kuganda kwa anayetumia aspirini au warifarini. Mwambie daktari kabla ya upasuaji. Na jambo tunalolitilia mkazo kuliko yote kwenye ukurasa huu: mafuta ya samaki husindikiza methotreksati, dawa kuu ya rumatoidi, hayachukui nafasi yake. Rumatoidi hula mifupa mapema, hasa miaka miwili ya kwanza, na kidole kilichopinda hakinyooshwi na kapsuli yoyote.

Kome, yai na jogoo

Kome wenye midomo ya kijani wa New Zealand wana mafuta ya aina yake, na unga wao umeuzwa tangu miaka ya 1970. Ubora uko kwenye ukaushaji. Uliokaushwa kwa baridi na kutulizwa mara moja hubaki na nguvu. Uliopitia moto ni unga wa kitoweo. Lebo isiyotaja ukaushaji wa baridi iache. Matokeo ya majaribio yanapingana, mzio wa samakigamba ni kizuizi, na bei kwetu ni kubwa kuliko faida.

Utando wa ndani ya ganda la yai, miligramu 500 kwa siku, ulipimwa mwaka 2009 kwa watu 67 na ukapunguza kukakamaa ndani ya wiki nane. Jaribio ni dogo. Kuubandua utando nyumbani na kuutafuna hakufanani na unga ulioyeyushwa kiwandani, na ganda la yai bichi huweza kubeba bakteria wa salmonela.

Sindano za asidi ya hayaluroniki, ute unaolainisha kiungo, ni za daraja jingine, kwa maana zinachomwa ndani ya goti. Synvisc, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, hutengenezwa kwa undu wa jogoo. Sindano tatu za mililita 2, moja kila wiki, au moja ya mililita 6. Mwaka 2022 BMJ ilijumlisha majaribio 169 yenye watu zaidi ya 21,000, na tofauti na sindano tupu ilikuwa milimita 2 kwenye kipimo cha maumivu cha milimita 100. Mgonjwa hawezi kuihisi. Baadhi hupata goti kuvimba kwa ghafla baada ya sindano ya pili au ya tatu. Kwa bei yake, hapana.

Sumu ya nyuki inaweza kuua kwa mshtuko wa mzio ndani ya dakika, hata kwa mtu aliyewahi kuumwa bila tatizo. Anayechoma nyuki gotini bila adrenalini mkononi anacheza na maisha ya mteja. Mafuta ya mbuni au ya kondoo hulainisha ngozi, na mkono unaochua ndio unaoleta ahueni. Mafuta hayo hayafiki kwenye gegedu. Mafuta ya simba na chatu ni nyara za serikali, na anayeuza anakuuzia kesi.

Kidonge kinachoponya usiku mmoja

Hakuna kilichotajwa juu kinachofanya kazi kwa siku mbili. Kikikupa nafuu ya ajabu kesho yake asubuhi, shuku dawa iliyofichwa. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa maonyo kuhusu Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo: maabara ilikuta ndani yake dawa ya maumivu diklofenaki na steroidi iitwayo deksamethasoni ambazo lebo haikuzitaja. Diklofenaki hutoboa tumbo na kuumiza figo. Deksamethasoni huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, na ikitumika kwa wiki kadhaa tezi za mwili huacha kutengeneza homoni yake ya asili ya aina hiyo. Ukiikata ghafla unaweza kuzirai na kufa. Kwa hiyo anayeshuku asiitupe na kunyamaza. Aende hospitali na kopo mkononi, aachishwe taratibu.

Namna ya kujaribu

Chagua bidhaa moja, kamwe si mbili kwa pamoja. Kwa wiki mbili kabla ya kuanza, andika kila Jumapili maumivu yako kwa 0 hadi 10 kwenye tendo lile lile: kupanda ngazi zile zile, kuchuchumaa, au kuinuka kwenye sijida. Andika pia vidonge vya maumivu ulivyomeza wiki hiyo. Anza, endelea kuandika kwa wiki 12 bila kubadilisha mazoezi wala uzito. Kisha acha wiki nne na uandike bado. Namba ikishuka kwa chini ya pointi mbili, au isipopanda ulipoacha, bidhaa haikuwa na kazi kwako, na kopo la pili usinunue.

Pesa uliyobakiza ina matumizi. Jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini, vipindi vichache kwa mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe kuimarisha misuli ya paja, na viatu vyenye soli isiyokwisha upande mmoja. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu hadi tano, ushushe polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni.